Uga wa sumaku ulio baina ya nyota hupimwaje, ilhali hapana aliyeufikia na dira?

Maalim wa Wete

Assalaam alaykum nyote.

Nasomesha fizikia katika skuli moja ya sekondari hapa Wete, Pemba. Wiki iliyopita, katika darsa ya sumaku, niliwaeleza wanafunzi wangu wa kidato cha sita kwamba galaksi yetu nzima, huu mkanda mweupe tunaouona ukikata mbingu pindi umeme unapozimika, ina uga wake wa sumaku, na kwamba nguvu ya uga huo katika ujirani wa Jua ni mikrogausi chache tu, yaani kiasi cha sehemu moja ya laki moja ya uga wa Dunia unaogeuza sindano ya dira.

Mwanafunzi mmoja, ambaye baba yake ni nahodha, akanyanyua mkono akasema: "Maalim, dira ya baba inafanya kazi kwa sababu ipo pale pale penye uga. Huko baina ya nyota, dira imepelekwa na nani?" Nilimjibu kwamba hapana dira iliyopelekwa, na kwamba wataalamu hutumia mawimbi ya redio yenye polaraizesheni, yaani yanayotikisika kwa pembe moja maalumu, yanayotoka kwenye galaksi za mbali na kupita katikati ya galaksi yetu kabla ya kutufikia. Kisha nikaandika fomula ubaoni. Nilizitazama nyuso zao nikajua kwamba fomula haikuwajibu, na usiku, nilipokaa peke yangu kuitafakari, nikaona kwamba haikunijibu hata mimi.

Ninaomba msaada wa wanaoijua elimu hii. Wimbi linapopita ndani ya uga wa sumaku linapatwa na jambo gani hasa? Ikiwa polaraizesheni yake inageuka njiani, sisi tunajuaje ilikuwa imeelekea wapi ilipoanza safari, nasi hatukuwepo? Na hata tukilijua hilo, tutajuaje mgeuko umetokea sehemu gani ya njia ndefu namna hiyo? Ningependa majibu ambayo naweza kuyafikisha darasani bila ya kuwadanganya watoto kwa urahisi wa uongo.

Fundi wa Madishi, Chake Chake

Wa alaykum salaam, Maalim. Mimi si mtaalamu wa nyota, lakini polaraizesheni ndiyo riziki yangu, kwa hivyo naomba nichangie kwa upande ninaoufahamu, kwani nadhani wanafunzi wako wanaiona kila siku juu ya mapaa bila ya kuijua.

Ndani ya LNB, kile kifaa cha kupokelea mawimbi kilichoko mbele ya dishi, kuna vijiti viwili vidogo vya kupokelea, kimoja kimesimama na kingine kimelala. Satelaiti inarusha chaneli nyingine kwa mawimbi yanayotikisika wima na nyingine kwa mawimbi yanayotikisika kwa ulalo, na kisimbuzi kinachagua kwa kubadilisha umeme unaopanda kwenye waya: volti 13 kwa wima, volti 18 kwa ulalo. Mteja anapolalamika kwamba nusu ya chaneli zimepotea na nusu nzima, mara nyingi jambo la kwanza ninalolitazama ni kama LNB imezungushwa kwa pembe inayostahiki. Ukiizungusha nyuzi 90, kile kijiti cha wima hakisikii tena kilichokuwa kinakisikia. Mwanafunzi akishuhudia jambo hilo kwa macho, neno polaraizesheni halitamtisha tena.

Kuna jambo jengine ambalo mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akilisema, nami sikupata kulielewa. Alisema kwamba katika madishi makubwa ya zamani, yale ya masafa ya kiasi cha gigahezi 4, satelaiti nyingi zinarusha kwa polaraizesheni ya mviringo kwa sababu "mbingu hulipinda wimbi lililonyooka", lakini katika madishi madogo ya gigahezi 11 au 12 mbingu hailipindi. Je, kupinda huko ndiko anakokuuliza mwanafunzi wako?

Mtafiti wa Kikwajuni

Maalim, shikamoo, nawe fundi, ahsante sana, kwani umetufungulia mlango wenyewe. Mzee wako alisema kweli, na kitu alichokisema ndicho hicho hicho kinachotumika kuupima uga wa galaksi, isipokuwa yeye alikuwa anazungumzia tabaka ya hewa ya juu ya Dunia, nasi tunazungumzia njia ya maelfu ya miaka ya nuru. Nilisomea astronomia ya redio nje ya nchi na sasa nipo nyumbani Unguja, na sioni swali linalonifurahisha kulijibu kuliko hili, hivyo mtanivumilia nikirefusha.

Mwaka 1845 Michael Faraday alipitisha nuru yenye polaraizesheni ndani ya kipande cha kioo kizito kilichowekwa karibu na sumaku ya umeme, akaona kwamba pembe ya polaraizesheni imegeuka. Jambo hilo hutokea pia kwa mawimbi ya redio yanapopita katika gesi yenye elektroni huru na uga wa sumaku kwa pamoja, na anga iliyo baina ya nyota ina vyote viwili, ingawa ni kwa uchache usiofikirika: katika sehemu nyingi za galaksi yetu kuna wastani wa elektroni huru tatu tu katika kila sentimita za ujazo mia moja.

Kwa nini pembe igeuke? Kwa darasani ningeeleza hivi. Chukua watu wawili wanaozunguka mnazi mmoja, mmoja kwa kulia na mwengine kwa kushoto, kwa mwendo ulio sawa kabisa. Watakutana kila mzunguko katika sehemu mbili zile zile, zinazotazamana, mnazi ukiwa katikati. Ukivuta mstari baina ya sehemu hizo mbili, mstari huo hautasogea hata wakizunguka mpaka magharibi. Wimbi lenye polaraizesheni iliyonyooka lina tabia hiyo: kwa hakika ni mawimbi mawili ya mviringo, moja la kulia na moja la kushoto, na mstari wa makutano yao ndio pembe ya polaraizesheni. Sasa tia uga wa sumaku. Elektroni zilizomo ndani ya uga huzunguka upande mmoja tu, kwa hivyo hulipokea wimbi la kulia tofauti kidogo na zinavyolipokea la kushoto, na mmoja wa wale wazungukaji wawili anabaki nyuma ya mwenzake kidogo kidogo. Hapo sehemu ya makutano huanza kuhama, na mstari unazunguka polepole kuuzunguka mnazi. Uga ukiwa unaelekea kwetu, mstari huhama upande mmoja; ukiwa unatukimbia, huhama upande wa pili. Hii ndiyo maana mgeuko huu unatupa kitu kama ncha ya sindano ya dira, yaani unatuambia si uzito wa uga peke yake, bali pia kwamba unakuja au unakwenda.

Ninalisisitiza hilo kwa sababu njia nyengine hazitoi ncha hiyo. Mwaka 1949 William Hiltner na John Hall waligundua kwamba nuru ya nyota za mbali ina polaraizesheni ndogo, nayo ikaja kufahamika kwamba inasababishwa na chembe za vumbi zilizojipanga kwa kufuata uga wa sumaku. Njia hiyo inatuonyesha mstari wa uga ulivyolala mbinguni, lakini ni dira iliyovunjwa ncha: tunaona imelala mashariki na magharibi, hatujui ipi ni mbele.

Sasa swali lako la pili, Maalim, ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote: tunajuaje wimbi lilianza na pembe gani? Jibu ni kwamba hatuhitaji kujua. Kiasi cha mgeuko kinategemea mraba wa urefu wa wimbi. Wimbi refu hugeuka sana, wimbi fupi hugeuka kidogo. Chanzo kimoja cha redio kinatoa mawimbi ya urefu wa kila namna kwa wakati mmoja, kwa kawaida yakiwa na pembe moja ya mwanzo. Yanapofika kwetu, kila moja limegeuka kwa kiasi chake. Tunapima pembe kwa kila urefu, tunachora grafu ya pembe dhidi ya mraba wa urefu wa wimbi, na tunapata mstari ulionyooka. Mwinamo wa mstari huo huitwa kipimo cha mzunguko, nao huhesabiwa kwa radiani kwa kila mita ya mraba. Ukiurefusha mstari mpaka mraba wa urefu uwe sifuri, utaisoma na ile pembe ya mwanzo ambayo hatukuwepo kuishuhudia.

Hapa kuna hesabu ya ubaoni. Kipimo cha mzunguko ni sawasawa na 0.81 mara idadi ya elektroni kwa sentimita ya ujazo, mara uga unaofuata mstari wa macho kwa mikrogausi, mara urefu wa njia kwa paseki, na paseki moja ni kiasi cha miaka ya nuru 3.26. Tuseme elektroni ni 0.03, uga ni mikrogausi 2, na njia ni paseki 1,000. Jibu ni 48.6. Kwa wimbi la sentimita 21, mraba wake ni mita za mraba 0.0441, hivyo mgeuko ni radiani 2.14, au nyuzi kama 123. Kwa wimbi la sentimita 30 mgeuko ni nyuzi kama 250. Na kwa wimbi la sentimita 2.5, ambalo ndilo la dishi dogo la fundi wetu, ni chini ya nyuzi 2 tu, baada ya kupita miaka ya nuru elfu tatu na zaidi! Ndiyo sababu dishi dogo halina habari na jambo hili.

Ila itazameni tena ile 250. Mstari wa makutano hauna kichwa wala mkia, kwa hivyo nyuzi 250 na nyuzi 70 ni mamoja machoni mwa darubini. Anayepima kwa urefu wa mawimbi mawili tu anaweza kukosea nusu mzunguko mzima bila ya kutambua, na makosa ya aina hiyo yamewahi kuingia katika orodha zinazoheshimika. Dawa yake ni kupima kwa mamia ya vijimkanda vya masafa kwa pamoja, kama zinavyofanya darubini za sasa, ili mstari usiwe na nafasi ya kuchagua njia zaidi ya moja.

Wa kwanza kuuona mgeuko huu katika chanzo kilicho nje ya galaksi yetu walikuwa Brian Cooper na Marcus Price mwaka 1962, kwa dishi la mita 64 la Parkes huko Australia, wakiangalia galaksi iitwayo Centaurus A. Galaksi hiyo, Maalim, ipo kama miaka ya nuru milioni 12 kutoka kwetu, na mbingu yetu imebarikiwa nayo. Masika yakishamalizika, mwanzoni mwa mwezi wa Juni, kiasi cha saa tatu za usiku inakuwa upande wa kusini, juu zaidi ya nusu ya njia ya kutoka upeo wa bahari hadi utosini. Kwa macho matupu hutaiona, lakini kuwaonyesha wanafunzi kwa kidole mahali ilipo, na kuwaambia kwamba mawimbi yake yanawapita wakati huo huo wanapotazama, si jambo dogo.

Mstaafu wa Mkoani

Nimesoma kwa furaha. Nilifanya kazi ya mawasiliano ya redio ya vyombo vya baharini kwa miaka mingi, na sisi tulikuwa tunaishi kwa hisani ya ile tabaka ya juu ya hewa, ionosfia, ambayo jua linaitia elektroni mchana na usiku zinapungua. Kila opereta wa pwani hii anajua jinsi mawasiliano yanavyobadilika kuanzia alasiri hadi baada ya isha, na jinsi tabaka hiyo ilivyo nzito katika nchi za joto kama zetu.

Nina shaka moja ambayo ningependa bibie atuondolee. Ikiwa elektroni za anga na uga wa galaksi hulipinda wimbi, basi elektroni za ionosfia na uga wa Dunia, ambao Maalim ametuambia ni mkubwa mara laki moja, zitalipinda vile vile, na ziko hapa hapa juu ya vichwa vyetu. Mtu anayepima atajuaje kwamba hakupima hewa ya kwao akadhani amepima galaksi?

Mtafiti wa Kikwajuni

Mzee wangu, shikamoo. Shaka yako ni ya haki, na imewashughulisha watafiti wengi. Uga wa Dunia ni mkubwa na elektroni za ionosfia ni nyingi, lakini njia yenyewe ni fupi, kilomita mia chache tu, ambapo njia ya galaksi ni maelfu ya paseki. Vikizidishwa pamoja, ionosfia huongeza kwa kawaida radiani moja hadi chache kwa mita ya mraba, ilhali galaksi inaweza kutoa makumi, na karibu na kiini chake mamia na kuzidi.

Kwa wimbi la sentimita 21 nyongeza hiyo si kubwa. Kwa mawimbi marefu ni msiba. Darubini ya LOFAR, ambayo kitovu chake kipo Uholanzi, inafanya kazi katika masafa ya kiasi cha megahezi 150, yaani mawimbi ya mita 2. Mraba wake ni 4, na kipimo cha 1 peke yake kinageuza pembe kwa zaidi ya nyuzi 229. Tena ionosfia haitulii, inabadilika saa kwa saa, kama ulivyoishuhudia mwenyewe kazini. Kwa hivyo wanaitoa kwa hesabu: mawimbi ya satelaiti za GPS huchelewa kidogo kwa sababu ya elektroni hizo hizo, na kutokana na kuchelewa huko inajulikana idadi ya elektroni juu ya kila eneo kwa wakati husika. Ukiwa na idadi hiyo na ramani ya uga wa Dunia, unahesabu mgeuko wa ionosfia na kuutoa. Anayeutafuta uga wa nyota analazimika kuwa mjuzi wa hewa ya nyumbani kwake kwanza.

Maalim wa Wete

Marahaba, binti yangu, na Mungu akuzidishie. Mfano wa mnazi nimeushika. Lakini nimerudi na swali langu la tatu, na sasa limekuwa gumu zaidi, kwa sababu nimeitazama fomula yako upya.

Ndani yake elektroni na uga zimezidishwa pamoja. Nikipata 48.6, sijui kama elektroni ni nyingi na uga ni dhaifu au kinyume chake. Halafu ile ni jumla ya njia nzima. Ikiwa katika nusu ya njia uga unatujia na katika nusu ya pili unatukimbia, mgeuko wa mwanzo utafutwa na wa pili, nami nitapata sifuri na kusema hapana uga, ilhali upo kote. Naona kama mtu aliyepewa jumla ya mapato ya duka kwa mwaka mzima akaambiwa ataje mauzo ya siku ya Idi.

Mtafiti wa Kikwajuni

Maalim, mfano wako wa duka ni sahihi, na kwa chanzo kimoja peke yake hakuna ujanja: sifuri inaweza kuficha mengi. Njia ya kutoka ni kupata vyanzo vilivyomo ndani ya galaksi yenyewe, vilivyo kwa umbali mbalimbali kutoka kwetu, ili njia ikatwe vipande. Vyanzo hivyo ni pulsari, masalia ya nyota kubwa zilizokufa, ambayo huzunguka na kutupiga kwa mapigo ya redio yaliyo sawasawa kama saa. Ya kwanza ilionwa mwaka 1967 na Jocelyn Bell, aliyekuwa bado mwanafunzi huko Cambridge.

Pulsari zina zawadi mbili kwa pamoja. Mapigo yao yana polaraizesheni kubwa, kwa hivyo kipimo cha mzunguko kinapatikana. Na kwa kuwa ni mapigo, si mng'aro wa mfululizo, tunaweza kuona kwamba pigo la masafa ya chini linafika baada ya lile la masafa ya juu, kwani elektroni za njiani zinalichelewesha. Kuchelewa huko kunatupa kipimo cha mtawanyiko, ambacho ni jumla ya elektroni peke yake, bila ya uga. Gawa cha kwanza kwa cha pili, zidisha kwa 1.23, na elektroni zinaondoka: unabaki na wastani wa uga kwa mikrogausi.

Chukua pulsari ya Vela, iliyopo kiasi cha paseki 290 kutoka kwetu. Kipimo chake cha mtawanyiko ni 68 na cha mzunguko ni karibu chanya 31. Ukigawa na kuzidisha unapata mikrogausi 0.56, na alama ya chanya inasema kwamba uga unatujia kutoka upande huo. Pulsari ya Crab ina mtawanyiko wa karibu 57, lakini kipimo chake cha mzunguko ni hasi na kinapita 40: huko uga unatukimbia. Ukikusanya pulsari nyingi za mtaa wetu utaona kwamba uga mkubwa unaotuzunguka unaelekea, kwa jumla, upande wa kundi la nyota la Cygnus, na Vela ipo karibu na upande ulio kinyume chake, ndiyo maana tunaupokea kutoka huko. Lazima niseme, hata hivyo, kwamba wastani huu umeelemea sehemu zenye elektroni nyingi. Njia ya Vela inapita kwenye wingu kubwa la gesi iitwayo nebula ya Gum, na wingu hilo linachangia elektroni nyingi kuliko anga ya kawaida, kwa hivyo ile 0.56 inalizungumzia wingu hilo zaidi kuliko njia nzima.

Pulsari mbili zikiwa upande mmoja wa mbingu, moja karibu na nyengine mbali, tofauti ya vipimo vyao inatupa uga wa kipande kilicho baina yao, na hapo ndipo unaposoma mauzo ya siku ya Idi. Kwa njia hiyo iligunduliwa kwamba ukisogea kutoka kwetu kuelekea kiini cha galaksi, katika eneo la mkono wa Sagittarius, mmoja wa mikono ya nyota ya galaksi yetu, uga unageuka na kuelekea kinyume na uga wa mtaa wetu. Kuhusu idadi ya migeuko ya namna hiyo katika galaksi nzima wataalamu hawajakubaliana, na mimi naliona hilo kuwa ndilo swali kubwa lililobaki, kwa sababu kila nadharia ya jinsi uga ulivyozaliwa na kukuzwa na mzunguko wa galaksi ina idadi yake inayoitabiri.

Galaksi za mbali nazo hazikupoteza kazi. Pulsari tunazozijua zimejazana kwenye bapa la galaksi, yaani ule mkanda mweupe alioutaja Maalim, ilhali galaksi za mbali zimeenea mbingu nzima, juu na chini ya bapa, na njia zake zinapita galaksi yetu yote hadi nje. Kila moja ina mgeuko wake wa ndani usiotuhusu, lakini ukichukua wastani wa majirani wengi, yale ya mmoja mmoja yanafutana na ya galaksi yetu, ambayo wote wanayashiriki, yanabaki. Mwaka 2009 Russ Taylor na wenzake walitoa orodha ya vyanzo 37,543 kwa kutumia data za darubini ya VLA ya Marekani, takriban chanzo kimoja kwa kila nyuzi ya mraba ya mbingu, eneo linaloweza kuenea miezi mpevu mitano. Orodha hiyo ilikomea nyuzi 40 kusini. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mbingu tunayoiona sisi wa visiwani upande wa kusini, pamoja na Centaurus A yenyewe na yale mawingu mawili ya Magellan, iliachwa nje.

Mwanafunzi wa Tunguu

Naomba kuuliza kwa heshima, dada. Nasoma hapa Tunguu, napenda sana jambo hili, lakini kila darubini iliyotajwa ipo ng'ambo. Je, mtu aliyekaa Unguja mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kufanya kazi ya kweli katika elimu hii, au atabaki kuwa msomaji wa habari za wenzake?

Mtafiti wa Kikwajuni

Kaka, anaweza, na nakujibu kwa yakini kwa sababu sehemu ya kazi yangu naifanya kutoka kwenye meza iliyopo Kikwajuni. Orodha ile ya 2009 inapatikana bure kwa yeyote, na faili lake ni dogo kuliko video moja ya harusi. Orodha za pulsari, zikiwa na vipimo vyote viwili nilivyovitaja, nazo zipo wazi. Ukijua programu ya Python kwa kiasi cha kuchora grafu, ndani ya wiki moja unaweza kuchora ramani ya mbingu yenye nukta nyekundu kwa chanya na buluu kwa hasi, na kuona kwa macho yako kwamba alama hazikutawanyika ovyo. Utaona maeneo makubwa ya rangi moja, na upande wa kiini cha galaksi utaona rangi za juu ya bapa zikiwa kinyume na za chini yake. Hakuna atakayekufanyia jambo hilo likakuingia moyoni kama ulivyolifanya mwenyewe.

Na lile pengo la kusini linajazwa sasa. Darubini ya ASKAP huko Australia Magharibi, yenye madishi 36 ya mita 12, inafanya upimaji uitwao POSSUM unaotarajiwa kuleta vyanzo zaidi ya 30 kwa kila nyuzi ya mraba pale ambapo tulikuwa na kimoja au hatuna kabisa. Katika bara letu ipo MeerKAT ya Afrika Kusini, madishi 64 kwenye jangwa la Karoo, iliyozinduliwa mwaka 2018, ambayo itaingizwa katika darubini kubwa ya SKA. Kenya, Msumbiji, Zambia na Madagaska ni miongoni mwa nchi washirika wa Afrika katika mradi huo. Zimetuzunguka pande zote, na jina la Tanzania halimo. Nalisema kwa uchungu, kwani vijana wenye uwezo ninawaona, na mbingu ya kusini ni yetu pia.

Maalim wa Wete

Nimerudi kutoa habari, kwani mlinisaidia na sipendi kunyamaza.

Jana tulitoka nje. Hatuna mnazi katika uwanja wa skuli, tukautumia mwembe. Wavulana wawili walizunguka, mmoja kulia na mmoja kushoto, na wenzao wakaweka jiwe kila walipokutana. Mara ya kwanza mawe yalirundikana sehemu mbili tu. Kisha nikamwambia wa kushoto apunguze mwendo kidogo, na mawe yakaanza kuhama kuuzunguka mti, na darasa zima likapiga kelele kwa sababu waliona wenyewe. Tuliporudi ndani niliwapa pembe tano nilizozihesabu kwa kipimo cha 48.6, wakachora grafu, na karibu wote wakapata mwinamo baina ya 48 na 49. Fundi wa Chake Chake naye ametuahidi LNB mbovu ya kufungua.

Binti wa nahodha, aliyeanzisha yote haya, alihesabu hatua. Akaniambia kwamba yule wa kushoto alipobaki nyuma kwa robo ya duara, jiwe la makutano lilihama kwa nusu ya robo tu, si robo kamili, akataka kujua kama wamekosea kuhesabu au kama ndivyo ilivyo pia katika mawimbi. Sikuthubutu kumjibu bila ya kukuuliza.

Mtafiti wa Kikwajuni

Hawakukosea, Maalim. Ndivyo ilivyo katika mawimbi pia: pembe ya polaraizesheni hugeuka kwa nusu ya kiasi ambacho wimbi moja la mviringo limebaki nyuma ya jengine, na nusu hiyo imo ndani ya ile 0.81. Mimi mwenyewe nilifundishwa kwa alama za hesabu na sikuwahi kufikiria kuhesabu hatua. Tafadhali mfikishie salamu zangu, na umwambie kwamba nitamletea zile orodha mbili, ya galaksi na ya pulsari, katika kifaa cha kuhifadhia nitakapopanda boti ya Pemba mwezi ujao, ili achore ramani yake mwenyewe.